Mlango Aliouota Mwasiti Akida

“Muundo haujawahi kumtoa mtu shimoni. Wanaowatoa watu ni akina Mwasiti, na mtu kama Mwasiti huwezi kumchora kwenye kisanduku.”

Maneno hayo aliyasema Ndugu Cornel, Mkuu wa Utawala wa Kanda yetu, katika kikao cha maandalizi ya sherehe hii ya kumuaga, na waliokuwapo wakapiga makofi. Yanapendeza kusikia, lakini si ya kweli. Tena hayakuishia kikaoni. Yameingizwa katika rasimu ya maoni ambayo Kanda inataka kuyapeleka Dodoma kuhusu Muswada wa Sheria ya Muundo wa Pamoja wa Wakala za Serikali. Muswada huo unataka kila wakala uwe na ngazi zile zile, vitengo vyenye majina yale yale na mamlaka yale yale, kuanzia makao makuu hadi ofisi ya mwisho kabisa. Rasimu yetu inaomba Wakala wa Usalama wa Wachimbaji Wadogo uachwe nje ya sheria hiyo, na sababu inayotolewa ni Bi Mwasiti Akida. Yaani mtu aliyeitamani sheria ya namna hii kwa zaidi ya nusu ya maisha yake ya kazi anafanywa kuwa hoja ya kuikataa, wiki ile ile anayokabidhi funguo.

Kwa hiyo wasomaji watatuwia radhi. Tulikuwa tumeombwa ukurasa mmoja wa shukrani. Shukrani zipo, ila kwanza mama huyu arudishiwe jina lake.

Bi Mwasiti, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Nuruddin, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Alizaliwa Kahama, katika familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani na bibi zao walikuwa Wasumbwa. Aliajiriwa mwaka 1993 kama mpokeaji wageni katika ofisi ya Shinyanga, akiwa na cheti cha uhazili na sauti ambayo, kwa ushuhuda wa waliomsikia, iliweza kumkalisha mtu aliyekuja kupigana. Kutoka hapo alihamishiwa Maganzo kwa wachimbaji wa almasi, kisha Geita kwenye dhahabu, kisha Kahama, na hatimaye akarudi Shinyanga kuwa Mratibu wa Dharura wa Kanda. Ametumikia chini ya mameneja wengi kiasi kwamba hapendi kuwahesabu, na kila mmoja, anasema mwenyewe kwa kucheka, alikuja na mchoro wake wa ofisi kama bibi harusi anavyokuja na mapazia yake.

Katika miaka hiyo ya kuhamahama alijifunza kulala garini. Dereva Edson, aliyemwendesha muda mrefu kuliko yeyote, anasimulia kwamba gari likishaacha lami Mama Nuruddin alivuta mtandio usoni, akapotea. Nje vilipita vichaka vya miiba, ng'ombe weupe katikati ya vumbi jeupe, wanawake waliobeba mawe ya dhahabu kwenye ndoo kwenda kuyasaga, moshi wa karasha, mashine za kusagia mawe hayo, ukipanda taratibu na kusimama hewani kana kwamba umesahau unakokwenda. Akiamka aliuliza, “Hapa wapi, Edson?” Edson akamjibu, “Unaonaje wewe?” Naye aliangalia kulia na kushoto, mashimo yale yale, turubai zile zile, vijana wale wale wenye tope hadi kope, na mara nyingi alikosea. Alidhani yuko Kahama kumbe ni Geita. Alidhani Geita kumbe gari halijavuka Bukombe.

“Nchi ni moja,” alimwambia Edson siku moja bila kufungua macho. “Ofisi ndizo zinazotofautiana.”

Hapo ndipo lilipoanzia wazo lake, na lilianza kama usingizi. Lakini lilikuwa na mizizi nyumbani. Baba yake, Mzee Akida, alifanya kazi ya kuhudumia shehena Isaka, kwenye bandari kavu, ambako mizigo hushushwa kutoka kwenye treni na kupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Mwasiti akiwa tayari mtumishi alikwenda kumtembelea siku za mapumziko, wakakaa kwenye kivuli cha ghala wakitazama makontena yakipaa. Mzee alimwambia kwamba ndani ya hili mna mchele, ndani ya lile mna magodoro, na lile jingine hata yeye hajui mna nini, lakini pembe zao zote ni sawa, ndiyo maana winchi haiulizi. Mwasiti aliishi na maneno hayo. Baadaye, katika vikao ambavyo watu walimwambia kwamba kufananisha muundo wa ofisi ni kuwafananisha watu, alijibu hivi: pembe ziwe sawa, ndani wekeni mnachotaka.

Sasa turudi kwa Ndugu Cornel. Anasema muundo haujawahi kumtoa mtu shimoni. Tumkumbushe habari ya Luka.

Ilikuwa masika ya mwaka 2004, miaka ambayo simu ya mkononi haikuwa bado mfukoni mwa kila mchimbaji. Mwasiti alikuwa amehamishwa kutoka Geita kwenda Kahama miezi michache kabla. Geita alikuwa na mamlaka ya kufunga duara, yaani kuamuru watu watolewe shimoni na shimo lisiingiwe mpaka likaguliwe. Wachimbaji walilijua hilo. Mmoja wao, Mabula, aliyewahi kuchimba almasi Maganzo kabla ya kufuata dhahabu, aliona matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, yameanza kutoa maji na kupinda. Mwenye duara hakutaka kusikia. Mabula akaenda kwenye ofisi yetu ya Geita asubuhi, akamwacha mwenzake Luka akiwabembeleza wenzao wasizame, yaani wasishuke shimoni.

Pale mapokezi hakutaja idara wala kitengo. Alisema, “Namtaka Mama Nuruddin.”

Akaambiwa amehamia Kahama. Hakuna aliyemfukuza. Walimkaribisha kiti. Lakini meneja mpya alikuwa amebadilisha mchoro, mamlaka ya kufunga duara yakahamia kwa afisa sheria, na afisa sheria alikuwa Shinyanga kikaoni. Aliyekalia kiti cha Mwasiti sasa alishughulikia mafunzo. Akamshauri aandike barua. Mabula akatoka, akasimamisha lori, akaenda Kahama kumfuata mtu.

Alimkuta. Hapo ndipo hoja ya Ndugu Cornel inapoanguka. Mwasiti alikuwapo, mwenye moyo ule ule na sauti ile ile, mtu ambaye huwezi kumchora kwenye kisanduku. Akamsikiliza Mabula akiwa amesimama, akashika simu, kisha akakumbuka kwamba katika ofisi ya Kahama mamlaka yale hayakuwa yake. Kule Kahama mwenye mamlaka hayo alikuwa meneja peke yake, na meneja alikuwa machimboni upande wa pili wa wilaya. Akamtafuta kwa pikipiki. Wakati meneja anapatikana na simu inapigwa Geita, mvua ya alasiri ilikuwa imeshapita, duara limeshajifunga lenyewe, na Luka alikuwa ndani.

Mabula alipoambiwa alikaa chini kwenye korido. Mwasiti akakaa naye. Mabula akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayeeleza njia, akimwita mama kwa Kisukuma, “Nilikuja kwako, mayu. Ofisi mimi siijui. Ofisi ni wewe.”

Mama Nuruddin amewaambia watu wachache kwamba hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote aliyowahi kuambiwa kazini, na yalisemwa kwa heshima. Ndugu Cornel anayarudia leo, neno kwa neno karibu, na anadhani anatoa sifa.

Baada ya msiba ule aliota ndoto, na ndoto hiyo aliisimulia mara nyingi hivi kwamba wengi wetu tunaijua kama tuliiota sisi. Aliota yuko katika korido ndefu yenye mwanga wa asubuhi, sakafu imetoka kupigwa deki. Anafungua mlango wa kwanza kushoto, anajikuta Maganzo. Anarudi, anafungua mlango ule ule, yuko Geita. Tena, Kahama. Kila anapotokea kuna meza moja, na mezani kuna mtu ambaye hamjui, na mtu huyo haulizi “Unamtaka nani?” Anauliza, “Kuna nini?” Huko ndotoni Mwasiti hana kazi yoyote. Anatembea tu, anafungua, anafunga, anasikia maji yakichuruzika mahali, na hana hofu.

Mtu mwingine angeamka akaswali akaendelea na siku yake. Yeye aliamka akaswali, akaenda kwa meneja kuomba mlango.

Aliuita Dawati la Mwano. Wasukuma wanaosoma hapa hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wenzetu wageni: mwano ni yowe la hatari. Likipigwa, kila anayelisikia anatoka. Haulizi ni la ukoo gani, hasemi mwenye zamu hayupo, hangoji meneja arudi kutoka kikaoni. Asiyetoka atajieleza mbele ya wenzake. Desturi hiyo ni ile ile Shinyanga, Kahama na Geita. Mgeni aliyeingia jana kutoka Tarime au Kigoma anafundishwa siku ya kwanza. Mwasiti alikaa akafikiri kwamba wafugaji na wakulima wa nchi hii wana muundo mmoja wa dharura usiobadilika akibadilika mtu, wakati serikali, yenye makaratasi yote yale, haina. Akataka kila ofisi iwe na dawati moja, mlango wa kwanza kushoto, jina moja, na mamlaka moja: anayelikalia, hata awe nani, anaweza kufunga duara saa hiyo hiyo.

Alizunguka miaka. Alikunywa chai nyingi kwenye ofisi za watu. Mameneja walimkubalia mmoja mmoja, kwa sababu kumkatalia Mama Nuruddin ni kazi ngumu, na mmoja mmoja waliondoka, na aliyefuata akachora upya. Kisa cha Ndugu Donatus wa Geita kinajulikana. Alipoingia alikuta chumba cha Dawati la Mwano kina meza moja na mtu mmoja, akaona ni upotevu wa nafasi, akakijaza viti vya plastiki vya mikutano. Mwasiti alifika kwa ukaguzi, akafungua mlango, akatazama viti vimepandana hadi dari.

“Kaka Donatus,” akasema, “poleni na msiba. Hivi viti vimefukiwa kwenye duara la nani?”

Donatus, ambaye ni mcheshi na leo ni rafiki yake, anakiri kwamba aliviondoa siku ile ile. Lakini aliviondoa kwa aibu, na aibu haikuandikwa mahali popote, hivyo aliyemrithi alivirudisha.

Na bado, pale ambapo dawati lilidumu, lilifanya kazi. Kuna tukio moja la Maganzo ambalo Ndugu Cornel halitaji, ingawa lilitokea akiwa tayari na cheo alicho nacho. Dawati lilikuwa limekaliwa na Bartholomeo, aliyehamia kwetu kutoka mifugo, mtu aliyejua magonjwa ya ng'ombe vizuri na matimba hajui hata yanashikwa wapi. Akaingia mama mmoja anayeuza uji machimboni, akasema ardhi karibu na jiko lake inatoa sauti kama tumbo lenye njaa. Bartholomeo hakumjua Mwasiti kwa sura. Alisoma karatasi iliyobandikwa ukutani, akaona kwamba aliyekaa pale anaweza kufunga, akafunga. Wachimbaji walitoka wakimtukana. “Daktari wa mbuzi katufungia duara,” walisema. “Sasa atatupiga sindano.” Waliendelea kumtukana mpaka shimo likaporomoka mbele ya macho yao, na wote wakiwa juu, hata kandambili hazikupotea. Kisha mmoja wao akaenda kumnunulia soda.

Mama Nuruddin wakati huo alikuwa Tabora harusini. Alipopigiwa simu, waliomzunguka wanasema alisimama katikati ya ukumbi akicheka peke yake na machozi yakimtoka. “Hawakuniuliza niko wapi,” alikuwa akirudia. “Hata mmoja hakuuliza niko wapi.” Katika miaka thelathini na miwili ya kazi, kati ya vyeti, ngao na kile kitenge cha Mei Mosi, hiyo ndiyo tuzo anayoitaja.

Basi mtu huyu ndiye anayeambiwa kwamba bila yeye haiwezekani.

Ndugu Cornel ni mtu mwema, na hatumtuhumu kwa hila. Ana hoja moja ambayo lazima ijibiwe. Anasema muswada wenyewe umeandikwa na watu wasiojua karasha ni nini, kwamba katika mchoro uliopendekezwa mna kitengo cha mawasiliano, cha manunuzi, cha TEHAMA, na hamna dawati la dharura hata moja. Anasema tukiingia katika sheria hiyo kama ilivyo, mlango wa Mama Nuruddin utazibwa kisheria, na safari hii viti vya Donatus vitakuwa na muhuri wa Bunge. Ni kweli. Dawati halimo. Lakini mtu akikuta nyumba inajengwa bila mlango, husema weka mlango. Hasemi basi mimi nitalala nje. Tunaitwa kutoa maoni. Maoni ni nini, kama si kusema kilichosahaulika? Kuomba tuachwe nje ni kuomba tubaki tulivyo, yaani ofisi nne zenye michoro minne, kila moja ikitegemea nani amekaa, amelala vizuri, anapenda wachimbaji, hajahamishwa. Na wachimbaji hawakai ofisi moja. Wanafuata rushi. Dhahabu ikitoka kilima hiki leo, kesho wote wako kilima kile, pamoja na Mabula wao, wakitafuta mtu aliyekuwa pale mwaka jana.

Wanaosema sheria inaua utu wamekaa upande wa meza ambao una utu wa kutosha. Wao wanafahamika. Wao wakipiga simu, inapokelewa. Sheria ni utu wa mtu asiyejulikana mapokezi.

Juma lililopita, chumba cha chai, wawili hao walikutana. Waliokuwapo walijifanya wanakoroga sukari.

“Mama, nimesikia umenuna,” Cornel alisema. “Mimi nakusifia wewe, unanuna?”

“Unanisifia kama marehemu, Cornel. Mimi naenda nyumbani Nyahanga tu.”

“Lakini nimesema uongo? Kuna mwingine kama wewe hapa?”

“Hayupo, na wala sitaki awepo,” alisema Mama Nuruddin. “Mchimbaji atakayekuja mwezi wa saba utamwambia nini? Kwamba palikuwa na mama mmoja mzuri sana?”

Cornel alicheka, akasema mama ana maneno. Rasimu haikubadilika.

Basi, shukrani. Tunamshukuru Mwasiti Akida kwa kila korido aliyoitembea na kila meneja aliyemchosha. Tunamshukuru kwa kutufundisha kusema “Kuna nini?” kabla ya “Wewe nani?” Tunamshukuru kwa kilemba chake cha zambarau siku za Ijumaa, kwa utani wake na Edson, kwa kuitikia “marahaba” hata kwa watu wanaomzidi umri waliomwamkia kwa kuchanganyikiwa. Mwanawe Nuruddin na wajukuu wanamngoja Nyahanga, ambako amekwisha kupanda mipapai na kuweka kochi barazani. Mama, tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na ratiba. Uamke bila kujua ni siku gani ya juma, na usijali. Usinzie mchana kweupe upendavyo, na yeyote atakayegonga mlango wako awe amekuja kukujulia hali, si kutafuta serikali.

Hilo la mwisho haliwezi kutimizwa na dua zetu pekee. Linategemea ninyi, wajumbe wa Baraza la Wafanyakazi wa Kanda, mtakaoketi siku mbili baada ya sherehe hii kuipitisha rasimu. Mtakuwa bado na keki mifukoni. Msipige makofi tena. Fungueni aya ya tatu, mlifute jina la Mwasiti Akida pamoja na ombi zima la kuachwa nje ya sheria, kisha mwandike kwamba kila ofisi ya wakala inayohudumia wachimbaji iwe na Dawati la Mwano, lenye mamlaka ya kufunga duara papo hapo, awe amelikalia yeyote yule. Halafu mtie saini, wote, kwa majina yenu.